Mtoto alichana kitabu maktabani: je, niliwapeleka mapema mno?

Swali:

"Nina watoto wawili, binti wa miaka 4 na mdogo wake wa kiume wa miezi 18. Jumamosi iliyopita mama yao alikuwa kazini, nikaona niwapeleke maktaba ya umma, mara yao ya kwanza. Nusu saa hivi tulikaa vizuri kabisa. Baada ya hapo mdogo akaanza kuvuta vitabu rafuni kimoja baada ya kingine, akatafuna pembe ya kimoja, na kingine akakichana ukurasa. Niliogopa, nikakirudisha mahali pake kimyakimya. Binti naye aling'ang'ania kitabu ambacho tayari tunacho nyumbani, vingine hataki hata kuviona. Tulikuwa tumekaa karibu saa moja na nusu nilipomwambia tuondoke. Akajitupa chini, akalia mpaka jengo zima likasikia. Kuna mzee alikuwa anasoma gazeti. Jicho alilonitupia sitalisahau. Mama yangu anasema nilikuwa na haraka, maktaba ni ya wanafunzi, ningesubiri waanze shule. Ni kweli? Kuna faida gani kumsomea mtoto asiyeweza kusikiliza hata kurasa 3? Na huyu binti, ana tatizo la kutotulia?"

Jibu:

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara nasimama kwenye maneno ambayo nadhani wewe mwenyewe uliyapita haraka: nusu saa hivi tulikaa vizuri kabisa. Watoto wawili wa umri huo, mahali wasipopajua, mtu mzima mmoja, nusu saa nzima. Kwangu mimi ninayefanya kazi ya ukutubi katika sehemu ya watoto, hiyo ni ziara iliyofaulu. Mabaya yote uliyoyataja yalitokea katika saa moja iliyofuata, wakati ziara yenyewe ilikuwa imeshakwisha na hakuna aliyekwambia.

Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba hukuwapeleka mapema. Ulichelewa kuondoka. Mengine yote nitakayoeleza yanatoka hapo, ila kwanza nianze na neno la mama yako, maana hakulitunga.

Maktaba anayoizungumzia ilikuwepo. Mwishoni mwa karne ya 19, maktaba nyingi za umma huko Marekani hazikumruhusu mtoto aliye chini ya miaka 12 au 14 kuingia, seuze kuazima kitabu. Mtoto alihesabiwa kuwa kelele na mikono michafu. Mabadiliko yalikuja taratibu. Mwaka 1890 maktaba ya Brookline, katika jimbo la Massachusetts, ilitenga chumba cha kusomea watoto, na mwaka 1906 Anne Carroll Moore akaanza kusimamia huduma za watoto katika Maktaba ya Umma ya New York, ambako aliyaondoa mabango yaliyoamrisha kimya na kuwapa watoto haki ya kuazima vitabu wakiahidi kwa saini zao kuvitunza. Leo msimamo wa taaluma yetu uko wazi. UNESCO ilitoa ilani yake ya maktaba za umma mwaka 1949, na toleo la 2022, lililoandaliwa pamoja na shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, linataja miongoni mwa kazi za maktaba kujenga na kuimarisha mazoea ya kusoma kwa watoto tangu kuzaliwa. Tangu kuzaliwa, si tangu darasa la kwanza. Mtoto wako wa miezi 18 alikuwa pale kwa haki yake, sawa na yule mzee na gazeti lake.

Na kuhusu huyo mzee: huenda kweli alikerwa. Ana haki ya kukerwa. Mtu anaweza kusumbuliwa na kelele bila ya mpiga kelele kuwa na hatia, na jicho la sekunde mbili si hukumu. Maktaba iliyopangwa vizuri huweka sehemu ya watoto mbali na meza za wasomaji wazima, ikiwezekana nyuma ya mlango. Ikiwa ya kwenu haikupangwa hivyo, hilo ni jambo la uongozi wa maktaba, si lako. (Nikiri jambo moja la kazini: wanaonipa shida zaidi ya watoto ni watu wazima wanaopokea simu wakidhani wananong'ona.)

Sasa tuje kwa mdogo, maana hapo ndipo penye mengi.

Mtoto wa miezi 18 akivuta vitabu rafuni anafanya kitu kinacholingana kabisa na umri wake. Rafu za chini zimewekwa usawa wa macho yake kwa makusudi, vitu vyake vina rangi, vinatoka kwa kuvutwa, vikidondoka vinatoa sauti. Katika umri huu mtoto hujifunza kwa kurudia tendo lilelile ili aone kama matokeo yatakuwa yaleyale. Kwake rafu nzima ni jaribio moja refu. Hajui kwamba kile ni kitabu kwa maana unayoijua wewe. Hilo ndilo analojifunza. Mwaka 1998 Judy DeLoache na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia watoto wachanga wa Marekani na wa Cote d'Ivoire walipopewa vitabu vyenye picha za vitu. Wale wa miezi 9 walizishika picha, wakazikwaruza, wengine wakajaribu kukibandua kitu kutoka kwenye karatasi kana kwamba kipo kweli. Walipochunguzwa watoto wakubwa zaidi, wa miezi 15 na wa miezi 19, kushika kulipungua, na kunyoosha kidole kukachukua nafasi yake. Watoto wa nchi mbili zenye malezi tofauti sana walikuwa na tabia ileile. Maana yake ni kwamba kujua picha ni picha, kitu kinachosimama badala ya kingine, hakuzaliwi nako. Mtoto anakipata kwa kushika, kulamba na kugeuza kurasa, miezi kwa miezi. Kijana wako yuko ukingoni mwa mabadiliko hayo. Siku moja utamwona anaweka kidole kwenye mnyama na kukutazama usoni akisubiri useme jina lake. Hapo ujue kazi imefanyika.

Kutafuna ni sehemu ya safari hiyohiyo. Mdomo ni kiungo cha kuchunguza, na kitabu cha maktaba kilichotafunwa pembeni si habari mpya kwetu. Cha kuangalia ni vipande vya karatasi asije akavimeza vikamkaba, na mikono inawe mkishatoka. Basi. Usiwe unampokonya kwa nguvu na kumfokea, kwa sababu atakachokumbuka ni kwamba kitabu kikija, baba hukasirika. Mpe kingine mkononi, kile kinaachiwa chenyewe.

Ushauri wa vitendo ni kumweka palipo na vitabu vya kurasa ngumu, vile vilivyotengenezwa kwa karatasi nene kama ubao. Maktaba nyingi huviweka kwenye makasha au vikapu sakafuni, mbali na rafu za vitabu vya karatasi nyembamba. Keti sakafuni naye, mgongo wako uwe umeizuia ile rafu nyingine. Mwache atoe vitano, sita. Mkimaliza, msivirudishe rafuni. Hili huwashangaza wazazi. Kitabu kilichorudishwa mahali pasipo pake ni sawa na kitabu kilichopotea: katalogi inasema kipo, na hakuna anayekiona mpaka tupitie rafu nzima. Viwekeni mezani au kwenye kigari cha kurudishia. Isitoshe, maktaba nyingi huhesabu vitabu vilivyoachwa mezani kama ushahidi kwamba vilitumika humo ndani, na hesabu hizo hutusaidia tunapoomba fedha za kununua vitabu vya watoto. Zile rundo ulizokuwa unazionea aibu ni takwimu zetu.

Sasa ule ukurasa uliochanika. Hapa sitakuficha: kukirudisha kimyakimya ndicho kitu pekee katika simulizi lako ambacho ningependa kifanyike tofauti. Sababu si maadili. Ukurasa uliochanika kidogo, ukituletea siku hiyohiyo, tunauunga kwa dakika chache, maana tuna karatasi maalumu za kuungia na gundi isiyochafua. Ukikaa rafuni, mtoto mwingine ataushika palepale, mchano utafika katikati, na baada ya wiki chache kitabu kinaondolewa kwenye matumizi. Na kama utashawishika kukishughulikia mwenyewe nyumbani, tafadhali usitumie selotepu ya kawaida. Gundi yake huwa ya njano kadiri miaka inavyopita, huvuja pembeni na kuzigandisha kurasa, na ikishaingia kwenye karatasi haitoki. Vitabu vingi tunavyovitupa vimeuawa na waliotaka kuvitibu.

Utadaiwa? Inategemea maktaba na ukubwa wa uharibifu. Kwa mchano mdogo kwenye kitabu cha watoto wadogo, wakutubi wengi hawadai kitu, kwa kuwa tunajua tangu tunakinunua kwamba kitachakaa. Kitabu kilichopotea au kulowa kabisa ni jambo jingine, hicho mara nyingi hulipiwa. Usichanganye hayo na faini za kuchelewesha. Kuna maktaba zilizoziondoa kabisa, Chicago mwaka 2019 na New York mwaka 2021, baada ya kuona zinawafukuza wazazi wenye kipato kidogo, walewale ambao watoto wao wanazihitaji zaidi rafu zetu. Uliza utaratibu wa kwenu. Mzazi anayeuliza hatujamwona kuwa msumbufu hata siku moja.

Umeuliza faida ya kumsomea asiyesikiliza kurasa 3. Nadhani kinachokusumbua hapa ni kwamba kichwani mwako kusoma kuna mwanzo, katikati na mwisho. Kwa mtoto wa miezi 18 hakuna. Anasikia sauti yako ikipanda na kushuka, anaona kidole chako kinakwenda kwenye picha, anasikia jina, anageuza ukurasa kabla hujamaliza sentensi, anaondoka, anarudi. Huo ndio usomaji wake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, mwaka 2014 kiliwataka madaktari wawahimize wazazi kuwasomea watoto tangu uchanga, wala hakikusema mtoto awe ametulia. Jambo jingine ni maneno. Mwaka 2015 Jessica Montag na wenzake walilinganisha vitabu 100 vya picha na mazungumzo ya kawaida ambayo watu wazima huwaelekezea watoto, wakakuta vitabu vina aina nyingi zaidi za maneno. Ukifikiria utaona kwa nini. Nyumbani tunasema njoo, kaa, kula, acha, vaa viatu. Hakuna siku utakayohitaji kumwambia mtoto kifaru, kibatari au mnara wa taa wakati unamvalisha nepi, lakini kitabu kitakulazimisha. Kurasa 3 zenye maneno hayo si haba.

Wala si lazima usome yaliyoandikwa. Ukiona maandishi ni marefu mno, au kitabu kiko katika lugha usiyoimudu, zungumza picha kwa lugha yako. Kuwa na lugha zaidi ya moja nyumbani hakumcheleweshi mtoto kusema, ingawa bado nasikia wazazi wakionywa hivyo.

Binti naye na kitabu chake kilekile. Wazazi hulalamikia jambo hili kuliko lolote, na karibu kila mara mtoto ndiye mwenye hoja. Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, mwaka 2011 waliwasomea watoto wa miaka 3 hadithi zenye maneno mapya ya kubuni. Kundi moja lilisikia hadithi tofauti, jingine likasikia hadithi moja ikirudiwa, na maneno mapya yalijitokeza idadi sawa ya mara kwa makundi yote. Waliorudiwa hadithi moja ndio walioyashika maneno vizuri zaidi. Ukisoma kitabu mara ya kwanza, akili ya mtoto yote inahangaika na kujua nani ni nani na nini kitatokea. Akishajua mwisho, anapata nafasi ya kusikiliza neno lenyewe, kuona kitu kidogo kwenye kona ya picha, kukurekebisha ukiruka mstari. Na zaidi ya hapo, fikiria alikuwa wapi: jengo geni, watu wageni, maelfu ya vitabu. Katikati ya yote hayo akaona uso anaoujua. Wewe ungeshika kipi?

Kwa hiyo mwache akiazime, hata kama kipo nyumbani. Kisha weka utaratibu mmoja tu: kimoja anachagua yeye bila kuulizwa, kimoja unachagua wewe. Cha kwako usikisifu wala usimlazimishe, kiache mahali anapopita. Na unapochagua, usiishie kwenye hadithi. Kuna watoto ambao hadithi haziwagusi lakini ukiwapeleka kwenye vitabu vya maarifa hawatoki. Maktaba nyingi hupanga vitabu hivyo kwa namba za Dewey, mfumo uliotolewa mwaka 1876, na ukijua namba chache unaokoa muda: wanyama wako 590 na kuendelea, magari 629, dainosari 567, ngano na hadithi za mapokeo 398. Akitaka kitabu kinene cha injini kilichoandikwa kwa ajili ya watu wazima, mpe. Mtoto akililia wembe, mpe, na wembe huu haukati. Ataangalia michoro miwili na kukuachia, au atakushangaza.

Tufike kwenye kilio. Mtoto wa miaka 4 anaweza kujizuia, ila kwa muda. Sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kujizuia, kusubiri na kubadili mwelekeo huendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka 20, na kwa miaka 4 ndiyo kwanza imeanza. Maktabani alikuwa anajizuia mambo mengi kwa wakati mmoja: asikimbie, asiongee kwa sauti, asimsukume mdogo wake, achague kimoja aache kumi. Baada ya nusu saa uwezo huo ulikuwa unapungua, na wewe hukuuona kwa sababu bado alikuwa amekaa. Ukamwomba, akiwa amechoka na huenda ana njaa, afanye kitu kigumu kuliko vyote kwa umri huo, yaani kuacha jambo tamu linaloendelea na kwenda kwenye lisilojulikana. Hakuwa anakudharau. Alikuwa ameishiwa.

Ndiyo maana nasema ondokeni mapema, wakati wote wawili bado wanataka kubaki. Dakika 30 zinatosha, na kama siku ni mbaya, 15. Kumwambia "bado dakika tano" hakumsaidii, kwani dakika kwake hazina urefu. Mwambie "tutasoma hiki, kisha twende mezani kuazima", na ushike neno lako. Meza ya kuazimia ndiyo siri ya kuondoka bila vita, kwa sababu inampa kazi. Ampe mkutubi kadi, aweke vitabu mezani, asubiri sauti ya mashine, avipange ndani ya mfuko. Mtoto anayekwenda kufanya jambo haburutwi. Mkifika mlangoni safari imekwisha bila neno "tunaondoka" kutamkwa.

Na akilia hata hivyo? Atalia siku moja, hakuna ujanja unaofuta hilo. Usianze kumfundisha adabu pale pale, akili inayofundishika haipo wakati huo. Mbebe au mshike mkono, toka naye nje, keti naye mpaka pumzi irudi. Vitabu viache mezani, tutavitunza. Usimtishie kwamba hamtarudi tena maktabani, kwa sababu pengine utahitaji kumleta wiki ijayo, na pia hutaki maktaba iwe kitu cha kunyang'anywa kama adhabu.

Sasa tupime njia ulizo nazo, maana kusubiri shule nayo ni njia. Mtoto anayefika maktabani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 6 haharibikiwi. Wapo wengi waliojifunza kusoma vizuri bila kuiona maktaba utotoni, kwa sababu nyumbani palikuwa na mtu wa kuwasimulia. Kama maktaba iko mbali, nauli ni mzigo, au haina sehemu ya watoto kabisa, kwenda mara moja kwa mwezi, ukachukua vitabu na kuvisoma nyumbani, kunakupa sehemu kubwa ya faida. Hasara ya kusubiri iko kwingine: kitabu kitaingia maishani mwao pamoja na mitihani, na watakijua kama kazi ya shule kabla hawajakijua kama starehe. Samaki mkunje angali mbichi, mama yako mwenyewe huenda huisema methali hiyo kwa mambo mengine.

Njia nyingine ni vipindi vya hadithi ambavyo maktaba nyingi huwaandalia watoto wadogo. Vizuri vyake ni kwamba kelele zimeruhusiwa na utakutana na wazazi wenzako ambao watoto wao nao wanagaragara. Ubaya ni kwamba saa imepangwa na wao, na kama inagongana na usingizi wa mdogo, utajitesa bure. Angalia pia kipindi ni cha umri gani. Kipindi cha miaka 4 kitamshinda wa miezi 18, na cha wachanga kitamchosha dada yake. Unaweza pia kugawana na mama yao, mmoja aende na mtoto mmoja. Kwa binti yako hasa, saa moja ya kuwa na baba peke yake kati ya vitabu inaweza kumbadilishia maktaba yote.

Kuna wanaoniuliza kama simu yenye vitabu vya sauti na picha haitoshi. Kwa wa miaka 4, kidogo, mkiwa pamoja, haina ubaya. Kwa huyu wa miezi 18 nisingeitegemea. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na kwamba muda wa kukaa utumike kwa kusomewa na kusimuliwa hadithi na mlezi. Neno muhimu hapo ni mlezi. Simu haioni mtoto amenyoosha kidole wapi.

Swali lako la mwisho, kama binti ana tatizo la kutotulia. Kwa uliyoyaeleza, sioni. Mtoto aliyekaa na kitabu kimoja alichokipenda ameonyesha umakini, na kilio cha mtoto aliyechoka si ugonjwa. Lakini mimi si daktari na sijamwona, kwa hiyo nikupe mambo ya kupima. Tatizo la umakini la ADHD halitambuliwi kwa tukio la siku moja wala mahali pamoja. Madaktari hutaka dalili zinazoonekana sehemu zaidi ya moja, nyumbani na kwa walimu au walezi wengine, kwa miezi 6 au zaidi, na zinazomkwamisha mtoto kuishi na wenzake. Miongozo ya AAP haianzi kulichunguza kabla ya miaka 4. Kama mlezi wa mchana naye amekwambia hayohayo bila wewe kumwuliza, au kama vilio ni vya kila siku, virefu, na anajiumiza au kuwaumiza wengine, mpeleke kwa daktari wa watoto.

Kwa mdogo, kitabu kinaweza kukuonyesha mambo ambayo nyumbani hupita bila kuonekana. Ukimwita kwa jina akiwa amekupa mgongo, anageuka? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Ana maneno machache ya kwake, hata kama hayasikiki vizuri? Kama katika miezi 18 hana neno hata moja, hanyooshi kidole, au hageuki kwa sauti, mpeleke kliniki apimwe masikio na maendeleo yake sasa, usisubiri hadi atimize miaka 2. Akifika miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, vilevile. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, huyo aonwe haraka. Kwa wote wawili angalia macho: anayesogeza kitabu karibu kabisa na uso, anayefinya macho, anayeinamisha kichwa upande mmoja kila anapotazama picha, au ambaye jicho lake moja linakwenda kombo, apelekwe kwa mtaalamu wa macho. Hilo halihitaji kungoja shule, na likiwahiwa hutibika vizuri zaidi.

Mkirudi, chagua saa ambayo mdogo ametoka kulala na wote wameshakula. Pitieni kwanza kwa mkutubi. Mweleze kuhusu kitabu kilichochanika, hata kama hukumbuki jina lake, onyesha rafu tu, tutakitafuta. Hapohapo muulize mambo matatu: kama mtoto anaweza kuwa na kadi yake mwenyewe, mnaruhusiwa vitabu vingapi kwa muda gani, na vipindi vya hadithi ni siku zipi. Na kama asubuhi hiyo mmoja wao ameamka vibaya, mwahirishie yeye, uende na mwingine.